Afya ya betri: maana yake kwa anayenunua laptop iliyotumika

Afya ya betri ni kiasi cha umeme ambacho betri inaweza kubeba leo, ukilinganisha na ilichokuwa ikibeba ilipotoka kiwandani. Si ile asilimia unayoiona pembeni mwa skrini. Laptop inaweza kuandika 100% na ikazima baada ya dakika 40, kwa sababu hiyo 100 inakwambia tu kuwa betri imejaa; haikwambii kuwa imebaki nusu ya ilivyokuwa.

Betri za lithiamu huchakaa kwa mizunguko. Ukitumia 60% leo, ukachaji, kesho ukatumia 40%, hapo umekamilisha mzunguko mmoja. Betri nyingi huteremka hadi kiasi cha 80% ya uwezo wake baada ya mizunguko 300 mpaka 500. Za MacBook za miaka ya karibuni zimekadiriwa kwa mizunguko 1,000. Lakini mizunguko michache peke yake isikuridhishe. Joto nalo linaua betri, na laptop iliyoachwa kwenye umeme usiku na mchana huku imejaa huchoka bila ya kuhesabiwa mzunguko hata mmoja.

Kwenye Windows, kipimo kinachukua dakika mbili, na muuzaji mwaminifu hatakukatalia. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha Enter. Kwenye dirisha jeusi andika powercfg /batteryreport (acha nafasi kabla ya mkwaju) na ubonyeze Enter tena. Utaandikiwa faili limehifadhiwa wapi. Lifungue kwa kivinjari. Tafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo wa kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo wa sasa. Gawa wa sasa kwa wa kiwandani. Ukikuta 50,000 na 31,000, afya ni 62%. Idadi ya mizunguko iko hapo chini, kwenye CYCLE COUNT, ingawa baadhi ya mashine huonyesha kistari tu.

Kwa maoni yetu, 80% kwenda juu ni betri nzuri kwa laptop iliyotumika. Kati ya 60 na 80, zungumza bei. Chini ya 60, ulizia kwanza bei ya betri mpya ya modeli hiyo, kisha uitoe kwenye bei unayotajiwa.

Ripoti nayo inaweza kudanganya. Laptop ya miaka sita yenye mizunguko 0 na namba mbili zinazolingana kabisa ama imebadilishwa betri, ama chipu ya betri haisemi kweli. Kwa hiyo ichaji ijae, chomoa waya, weka mwanga wa skrini katikati, na uchezeshe video kwa nusu saa. Ikishuka kutoka 100 hadi 85, utapata kama saa tatu na dakika ishirini. Ikiruka ghafla kutoka 40 hadi 10, au ikazima huku imeandika 30, seli zimekufa. Umeme wa Unguja na Pemba unatoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, na ukikatika, betri ya namna hiyo inaondoka na kazi yote ambayo hujaihifadhi.

Kisha funga laptop na uiweke juu ya meza ya kioo. Ikiyumba, au kifuniko hakifungi sawa, au padi ya kipanya imeinuka na haibonyezeki, huenda betri imevimba kwa gesi. Hiyo usiinunue kwa bei yoyote. Usiibonyeze irudi wala usiruhusu itobolewe, inaweza kuwaka moto.

Angalia pia tundu la chaji kwa tochi ya simu. Hewa ya chumvi inaacha kutu kwenye pini na kwenye skrubu za chini, na chaji inayokatika ukitikisa waya mara nyingi inatokana na tundu, si betri. Chaja isiwe na wati pungufu ya zinazotakiwa: laptop ya wati 65 ikipewa chaja ya 45 itachaji polepole, au itakataa kabisa.

Anayetoka Wete au Chake Chake kununua mjini Unguja afanye vipimo hivi palepale dukani, kabla ya kukata tiketi ya boti.