Kirusi karibu kila mtu anacho, sasa daktari anajuaje kwamba ndo kinakuumiza wewe?

Kuna kirusi kinaitwa Epstein-Barr, EBV kwa kifupi, na inawezekana kabisa hata wewe unayesoma unacho, maana zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho, wengi walikipata utotoni kupitia mate na hawakujua kitu. Kilionekana mara ya kwanza 1964 kule London, kwenye seli za uvimbe wa mgonjwa wa Uganda, Denis Burkitt aliyekuwa daktari wa upasuaji hospitali ya Mulago, Kampala, ndo alikuwa anawapelekea watafiti wa London sampuli kwa ndege.

Kikiingia hakitoki, kinajificha kwenye seli B, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu, na kutulia. Ila kwa watu wachache sana, wengi wao Japani na nchi za jirani, kinaingia kwenye seli T au seli NK, chembe nyeupe nyingine, zile zile zilizotakiwa kukiwinda, basi hapo homa inakuja inaondoka inarudi miezi kwa miezi, ini na wengu vinavimba, na wengine wakiumwa na mbu tu ngozi inavimba mpaka kidonda na homa juu. Hii ya mbu ilinishangaza kabisa.

Sasa kimbembe kiko kwenye kupima. Ukipima kingamwili utapata pozitivu, lakini hata mtu mzima wa afya atapata pozitivu, kwa hiyo hapo hujajua chochote. Wanachotafuta ni wingi, yani kipimo cha PCR kinahesabu vinasaba vya kirusi kwenye damu, halafu ndo swali gumu, kimekaa kwenye seli gani? Hapo wanatenganisha chembe nyeupe aina kwa aina na kupima kila fungu, au wanakata kinyama cha ini au tezi na kukitia rangi inayoonyesha seli zenye kirusi. Na ili waseme ndo ugonjwa wenyewe, dalili ziwe zimezidi miezi 3.

Wakati mwingine kinga inapagawa kabisa, seli walaji zinaanza kula chembe za damu za mwenyewe ndani ya uboho, ugonjwa unaitwa HLH. Damu inaisha, chembe sahani (zinazogandisha damu) zinashuka, feritini, protini inayotunza madini ya chuma, inapanda (kigezo ni kuanzia 500 ng/ml, wengine wanafika maelfu). Kwa nje inafanana sana na maambukizi makali ya bakteria, ndo maana mgonjwa anaweza kumaliza antibayotiki zote na homa iko palepale. Na muda ukipotea ni hatari kweli, kwa sababu dawa nyingi zinatuliza tu, kinachoweza kuponya ugonjwa huu wa EBV ni kupandikizwa uboho, na hiyo inafanikiwa zaidi ugonjwa ukiwa bado haujapamba moto.