Muuza parachichi haruki: dhana potofu kuhusu kubuni wahusika wa gemu

Kila mwaka wanafunzi wa kompyuta hapa Mbeya wanapofika kwenye mradi wa gemu, mimi hukaa na vikundi vyao wakati wa kubuni wahusika. Naipenda hatua hii kuliko zote, na ndiyo inayoharibika mapema kuliko zote, kwa sababu vijana huja na imani walizookota kwenye gemu walizocheza, na nyingi si za kweli.

Dhana: mhusika huanza na mchoro mzuri

Binti mmoja alikuja na karatasi sita. Alikuwa amechora msichana muuza parachichi wa Tukuyu: khanga, ndala, hereni, sweta la kufuma, kila kitu kwa penseli za rangi. Mkono wake ni wa fundi kweli. Nikamuuliza, "Mchezaji akibonyeza kitufe, huyu dada anafanya nini?" Akanyamaza. Mwenzake akamsaidia: "Anaruka, mwalimu." Anaruka kwa nini? "Si kwenye gemu watu wanaruka?"

Ukweli ni kwamba mhusika wa gemu hujulikana kwanza kwa anachofanya, kisha kwa anachotaka, na sura hufuata. Hadithini tunamsikia mtu. Kwenye gemu vidole vyetu ndiyo miguu yake. Tuliweka michoro pembeni, nikawaomba wanionyeshe muuza parachichi anavyoteremka mlima mvua ikinyesha. Wote wamewaona akina mama hao tangu utotoni. Kijana mmoja akasimama, akajitwika begi lake la madaftari, akatembea darasani: shingo imenyooka, mkono mmoja juu, hatua fupi fupi, macho mbele. Haruki. Akiruka, parachichi zinamwagika na kubingirika hadi bondeni. Gemu ikapatikana pale pale: kitufe cha kutembea, kitufe cha kushika beseni, na njia yenye utelezi. Mchoro wa saba ulikuwa na mistari michache kuliko ile sita, ila shingo ilikaa sawasawa.

Dhana: bila kompyuta kubwa hupati mhusika wa maana

Mwaka 1981 Shigeru Miyamoto wa Nintendo, kampuni ya gemu ya Japani, alimbuni mhusika wa gemu ya Donkey Kong ambaye leo dunia inamwita Mario. Alikuwa na vinukta vichache tu vya kumchorea. Mdomo usingeonekana, akampa pua kubwa na masharubu. Nywele zilikuwa taabu kuzichora, akamvika kofia. Mikono ilikuwa ikipotea mwilini, akamvika ovaroli ili mikono ionekane ikienda mbele na nyuma. Uhaba ndio uliomchora Mario, na uhaba sisi tunao wa kutosha.

Krita ni ya bure kwa kuchora, Blender ni ya bure kwa maumbo ya pande tatu, Godot ni ya bure kwa kuunganisha gemu yenyewe. Umeme ukikatika, daftari la hesabu lenye visanduku linatosha: kila kisanduku ni pikseli moja, yaani kinukta kimoja cha picha. Nina wanafunzi waliomaliza mhusika mzima kwa visanduku 16 kwa 16 kabla hawajagusa kompyuta.

Dhana: urembo mwingi ndio humfanya atambulike

Asubuhi ya Juni, ukungu ukiwa umeshuka Uyole, unamtambua jirani yako akiwa mbali kabla hujaiona sura yake. Unamjua kwa mwendo, kwa gunia begani, kwa koti kubwa la mumewe. Fanya hivyo hivyo na mhusika wako: mpake weusi mwili mzima, mpunguze awe kama ukucha wa kidole gumba, kisha mpange na wenzake. Kama humtambui, hereni hazitamwokoa. Waliotengeneza gemu ya Team Fortress 2, iliyotoka mwaka 2007, walihakikisha kila mmoja wa wahusika wake tisa anajulikana kwa umbo la mwili tu.

Dhana: wa kwetu lazima awe Mkwawa

Naelewa inakotoka. Ni mtwa, yaani mtawala, wa Wahehe aliyekiangamiza kikosi cha Wajerumani cha Zelewski pale Lugalo Agosti 1891, akapambana hadi alipojiua mwaka 1898 asikamatwe, na fuvu lake likarudishwa mwaka 1954 na kuwekwa Kalenga, palipokuwa na ngome yake. Nani asingetamani kumcheza? Lakini Mkwawa ni mtu aliyeishi, ana ukoo wake Iringa mpaka leo, na kila neno utakalomtia kinywani litachukuliwa kuwa lake. Mweke kwa mbali, asikike tu. Mbuni mtu wa kando yake: kijana anayebeba mawe ya ukuta wa Kalenga. Mchezaji anajua kwamba Wajerumani watauvunja ukuta huo mwaka 1894. Kijana hajui, anabeba. Mimi ningeicheza gemu hiyo usiku kucha.

Au mwache binadamu kabisa. Msitu wa Mlima Rungwe una kipunji, nyani ambaye wanasayansi walimtangaza kwa dunia mwaka 2005 tu, ingawa wazee wa huko walikuwa na jina lake tayari. Anaishi juu ya miti na kushuka chini ni nadra. Hiyo peke yake ni kanuni ya gemu: ardhi ni hatari, matawi ndiyo barabara, na kila mti uliokatwa ni daraja lililovunjika.

Dhana: adui ni sura mbaya

Hapa ndipo ninapobishana na vijana kwa nguvu zangu zote. Karibu kila mwaka kikundi kimoja huniletea adui yule yule: bibi kizee mwenye macho mekundu, anaishi peke yake, mchawi. Wanamchora bila ubaya wowote moyoni. Ndivyo walivyosimuliwa.

Ukweli ni kwamba macho hayo yameiva kwa moshi. Ukikoka kuni kwenye jiko lisilo na dirisha kwa miaka hamsini, tena kwenye baridi ya Makete au Njombe ambako moto hauzimwi, yatakuwa mekundu. Katika nchi hii wanawake wazee wameuawa kwa sababu ya rangi hiyo ya macho, na watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa imani za aina hiyo hiyo. Gemu inayomlipa mchezaji pointi kwa kumpiga bibi wa macho mekundu inamfundisha mtoto nani wa kuogopa. Siipitishi, na huwa nawaeleza sababu bila kuwaonea haya.

Kinachomfanya adui awe adui ni tabia. Kwenye gemu ya Pac-Man ya mwaka 1980, Toru Iwatani aliweka mizuka minne yenye umbo moja, ikitofautiana kwa rangi tu. Lakini mwekundu anakufuata nyuma, wa pinki anakukatizia mbele, kwa hiyo mchezaji anamjua kila mmoja kama anavyowajua majirani. Kikundi kimoja kilibadilisha bibi mchawi kuwa dalali wa mazao: anatabasamu, anatembea polepole, na kila ukisimama kupumzika anashusha bei. Walimchukia kuliko mchawi yeyote. Bibi alibaki kwenye gemu, jikoni kwake, na ukiingia anakuelekeza njia isiyoteleza.

Dhana nyingine mbili, kwa ufupi

Wapo wanaodhani kurasa kumi na moja za historia ya maisha humpa mhusika kina. Mchezaji hatazisoma. Chukua jambo moja na lionekane: kiraka kwenye sweta, mpini wa jembe ulioliwa na viganja.

Na wapo wanaodhani wahusika wakisema Kiingereza gemu itakuwa ya kimataifa. Acha bibi wa Tukuyu akusalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile", umshukuru kwa "Ndaga", na maandishi ya Kiswahili yawe chini. Mgeni ataelewa kwa sauti yake.

Dhana ya mwisho: mchoraji ndiye anayejua mhusika amekamilika

Yule dada wa parachichi tulimpeleka mtaa wa Soweto hapa Mbeya, kwa mtoto wa jirani aliye darasa la nne. Tulimpa simu bila maelezo yoyote. Nikawakataza vijana wasimwambie kitu. Akabonyeza kitufe, akakimbia, beseni likaenda upande, parachichi tatu zikabingirika. Akaanza upya. Safari ya pili alipofika kwenye mteremko, kabla hajagusa kitufe chochote, alinyoosha shingo yake mwenyewe.