Mboni kama tundu la sindano: dawa na mishipa ya fahamu isiyongoja amri

Mgonjwa aliletwa kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na jirani yake. Alikuwa amepuliza nyanya tangu asubuhi, bomba likivuja mgongoni, shati limemganda. Jasho lilimtoka kama aliyemwagiwa maji, mate yakichuruzika, machozi yakitoka bila kilio, suruali imelowa. Nilipommulika jichoni, mboni ilikuwa imesinyaa kama tundu la sindano. Hakuna aliyekuwa ametaja jina la dawa, lakini tulishajua imegusa wapi.

Mwilini kuna mishipa ya fahamu inayojiendesha yenyewe. Huuamrishi moyo upige wala utumbo usage chakula. Mishipa hiyo ina pande mbili. Upande wa simpathetiki ndio unaoamka ukikutana na mbwa mkali uchochoroni: moyo hudunda, mboni hupanuka, njia za hewa hufunguka, na haja husubiri. Upande wa parasimpathetiki ni wa baada ya ugali: mate hujaa, tumbo husaga, moyo hutulia. Zote mbili ziko kazini muda wote, kila moja ikivuta kwake.

Huzungumza na viungo kwa kemikali. Mwaka 1921, mjini Graz, Austria, Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya vyura. Akausisimua mshipa unaopunguza mapigo ya moyo wa kwanza, kisha akachota majimaji yake na kuyatia kwenye wa pili. Wa pili nao ukapunguza mwendo, ilhali mshipa wake haukuguswa. Kemikali ile ndiyo asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi na Henry Dale wakapewa Tuzo ya Nobel. Ukishajua kwamba ujumbe wenyewe ni kemikali, huoni ajabu dawa ikiuigiza, ikiuzuia, au ikikataza usifutwe.

Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti, kama profenofosi na klopairifosi, hufanya hilo la mwisho. Hukifunga kimeng'enya cha kufuta asetilikolini, ikarundikana, na upande wa parasimpathetiki ukabaki unapiga kelele bila wa kuunyamazisha. Kinachoua mara nyingi si tumbo bali pumzi: mapafu hujaa majimaji, njia za hewa hubana, misuli ya kupumulia hulegea.

Tulimvua nguo, tukamwosha kwa sabuni na maji mengi huku tumevaa glovu, kwa maana sumu hupita hata kwenye ngozi ya anayehudumia. Kisha atropini, ambayo huziba mahali asetilikolini inapopokelewa. Kwa mtu mzima huanzwa na miligramu 1 hadi 3 kwenye mshipa wa damu, na kila baada ya dakika 5 dozi huongezwa maradufu iwapo hali haijabadilika. Vijana wapya kazini huogopa wakiona moyo unakwenda mbio. Mimi huwaambia wasikilize kifua: kikiacha kuchemka kama sufuria ya maharage, hapo ndipo pa kuacha kuongeza. Atropini hairudishi nguvu za misuli, kwa hiyo wengine huhitaji mashine ya kupumulia.

Maziwa hayaondoi sumu hii, na kumtapisha mtu anayesinzia kunaweza kupeleka matapishi mapafuni. Njooni na chupa yenye lebo, hiyo itatusaidia kuliko maziwa.

Atropini yenyewe ikizidi huupeleka mwili upande wa pili: mboni pana, ngozi nyekundu yenye joto na kavu, mkojo kuziba, mtu kuongea na wasioonekana. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, watu waliugua hivyo na baadhi wakafariki baada ya kula unga wa msaada. Ndani yake zilikutwa atropini na skopolamini, kemikali za magugu ya jamii ya mnanaha.

Kiswahili chetu huita vyote dawa, ya nyanya, ya mafua, hata ya kulevya, na mishipa hii nayo haibagui. Heroini pia husinyaza mboni, ila mgonjwa wa heroini hachuruziki mate. Anasinzia na pumzi inachelewa. Dawa ya kuzibua pua yenye sudoefedrini hubana mishipa ya damu puani, lakini haibaki puani: inaweza kumpandishia presha mwenye presha. Salbutamoli hufungua kifua cha mwenye pumu na kumtetemesha mikono. Propranololi hutuliza moyo, ila mwenye pumu aliyeazimwa kidonge na shoga yake anaweza kubanwa kifua usiku huohuo.

Na kuna mzee wa tezi dume, mafua yanamsumbua, anameza klorofeniramini, ile Piriton. Hukausha pua, na wakati huohuo hukilegeza kibofu. Huja kwetu alfajiri, kibofu kimejaa kama mpira, hata tone halitoki, mpaka awekwe mpira wa mkojo.

Kwa hiyo dukani sema kabla ya kulipa: nina pumu, nina presha, nina presha ya macho, mkojo wangu unatoka kwa shida. Muuzaji akionekana amechoka kusikiliza, endelea tu kusema.