Nyumba moja ama mbili ukistaafu: dhana potofu tunazopeana Nairobi, na ukweli wenyewe

Ukigonga miaka 55 hivi hapa Nairobi watu wanaanza kukuuliza umejenga wapi. Hawaulizi kama umejenga, wanauliza wapi. Ukisema uko na kanyumba Donholm ama Kahawa Sukari na hapo ndio basi, unaangaliwa kama mtu hajakomaa, na ukisema uko na ya Nairobi na ya ushago, kijijini kwenu, unapewa mkono. Mimi naona kuhesabu nyumba hakusaidii. Kitu inamaliza wastaafu ni ile ya pili ambayo hawajaiamulia kazi, hawalali ndani, haiwaletei pesa, lakini kila mwezi inakula. Na tunafika hapo juu ya hadithi tunaambiana kwa matanga na kwa chama, hebu nizipitie.

"Nyumba ikishaisha kujengwa, imeisha."

Hii ndio kubwa kwa hivyo nitakaa hapo kidogo. Nyumba iliyofungwa huharibika haraka kuliko ile watu wanaishi, uliza fundi yeyote. Bati ikianza kuvuja mwezi wa nne nani anaona kama hakuna mtu ndani? Mchwa wanakula fremu ya mlango polepole, popo wanaingia kwa dari, gata zinajaa majani na maji yanarudi kwa ukuta, na wewe unakuja kujua Desemba ukifika na wajukuu na mizigo saa mbili usiku. Basi inabidi uweke mtu wa kuangalia boma, na mtu ni mshahara, hata akiwa binamu, tena binamu ndio ghali kabisa kwa sababu huwezi kumfuta.

Halafu kuna vitu hata hufikirii. Novemba 2024 mita zote za umeme za tokeni zilifika mwisho wa zile namba zao za zamani na kila mwenye mita alitakiwa kuingiza namba mpya za kuifungua, na hiyo kazi inafanywa na mtu amesimama pale kwa mita. Aliye na nyumba ushago imefungwa ilibidi atafute nani ataenda kubonyeza, na ufunguo uko na nani.

Ya Nairobi nayo iko na ada ya ardhi ya kaunti kila mwaka, ile watu huita rates, na kama ardhi ni ya lease kuna kodi ingine ya ardhi ya serikali kuu, hiyo ndio wengi husahau mpaka siku wanataka kuuza wanakuta deni na riba juu. Ikiwa ni flati ongeza sevis chaji, na hiyo hailali hata wewe ukiwa ushago miezi sita, walinzi wanalipwa, taka inabebwa, pampu ya maji inaharibika. Ukipiga hesabu piga ya miezi 12 ya nyumba zote mbili pamoja, ya mwezi mmoja hudanganya kwa sababu vitu vikubwa huja mara moja kwa mwaka na huja pamoja.

"Nitapangisha ya Nairobi, kodi initunze ushago."

Inawezekana, na kwa wengi ndio mpango mzuri kabisa, lakini watu wanahesabu kodi yote kama yao. Tuseme mpangaji analipa 45,000. Ushuru wa kodi ya nyumba za kuishi ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024 (awali ilikuwa 10) kwa mtu anayepata kodi ya kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, na unatozwa kwa kodi yote unayopokea, KRA, mamlaka ya ushuru, hawajali ulipaka rangi ama ulibadilisha sinki. Hapo 3,375 imeenda, na inatakiwa ilipwe kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Uko mbali kwa hivyo uko na ajenti, weka asilimia 8, hiyo ni 3,600. Unabaki na 38,025. Sasa nyumba ikae tupu mwezi mmoja tu kwa mwaka, na Nairobi mwezi mmoja ni bahati nzuri, umepata 418,275 badala ya ile 540,000 ulikuwa unaimba kwa vichwa vya watu. Na bado hatujaita fundi bomba.

Hiyo laki nne na kitu si pesa mbaya ushago, usinielewe vibaya. Lakini mtu akistaafu na bajeti ya laki tano na nusu ile pengo anaijaza na nini? Anaijaza na kiinua mgongo, ambacho hakirudi. Pia kuna ile ya kumpangishia mtoto wa dada yako "kwa bei ya familia", hiyo sitaki hata kuongea.

"Nikibanwa si nitauza moja tu."

Utauza gani? Ya ushago haiuziki, tuambiane ukweli. Umeweka milioni 6 kwa nyumba ya vyumba vitano, vigae, choo ndani, imesimama katikati ya boma la baba yako na ndugu wako pande zote mbili. Nani atanunua? Jirani hana, mgeni haogopi bei, anaogopa ndugu zako. Na mara nyingi ukienda kuangalia hatimiliki unakuta bado ni ya guka ama ya babu aliyekufa miaka ya 80, hakuna aliyewahi kufanya mirathi, kwa hivyo umejenga milioni 6 juu ya shamba ambalo kisheria si lako. Hata ikiwa yako, ardhi ya kilimo haiuzwi bila idhini ya bodi ya ardhi ya eneo hilo na watu wa kwenu wanaweza kufika pale kupinga. Nyumba ya ushago jenga kama unataka kuishi hapo, ila usiiandike kwa hesabu zako kama akiba.

Kwa hivyo itauzwa ya Nairobi, na hapa ndio watu huumia bila kujua. Tangu Januari 2023 ukiuza nyumba KRA inachukua asilimia 15 ya faida, kabla ya hapo ilikuwa 5. Ulinunua milioni 4, ukauza 12, faida ni 8 ukitoa gharama ambazo uko na risiti zake, ushuru unakaribia milioni 1.2. Lakini sheria inasamehe nyumba yako ya kuishi, ikiwa wewe mwenyewe umekaa ndani mfululizo miaka mitatu kabla tu ya kuuza. Soma hiyo tena. Mtu amekaa kwa nyumba yake Buruburu miaka 30, anastaafu, anaenda ushago, anapangisha miaka miwili hivi kujaribu, halafu anaamua kuuza. Ule msamaha umeenda. Angeuza akiwa bado ndani angebaki na hiyo milioni na kitu. Ni nyumba ileile na mnunuzi pengine ni yuleyule, tofauti ni kitu gani ulifanya kwanza. Kama kuna uwezekano hata nusu kwamba utauza, ongea na mtu wa ushuru kabla mpangaji hajaweka kitanda, na weka risiti zote, hata za mabati ya 1998.

Na huwezi uza peke yako. Nyumba ya ndoa inahitaji bwana na bibi wote wakubali, sheria ya mali ya ndoa ya 2013 iko wazi, hata kuipangisha ama kuiweka rehani kunataka idhini ya mwingine kwa maandishi.

Nikiwa hapo hapo kwa bwana na bibi, kuna dhana moja haisemwi kwa sauti, kwamba mzee akirudi ushago mama atafuata. Kwani nani alimuuliza? Hapo ushago ni kwao mzee, yeye mama aliolewa akaenda Nairobi, chama yake iko Nairobi, kanisa, marafiki, wajukuu wako Ruaka na Syokimau. Nimeona nyumba nyingi za pili ambazo zilikuwa jibu la hii maneno, mzee yuko huku na mama yuko kule na kila mtu anasema ni juu ya "kuangalia shamba". Sioni ubaya wake sana, watu wazima wanajijua, lakini basi hizo ni jikoni mbili, sukari mbili, umeme mara mbili, na nauli katikati. Muongee mapema na muweke bei.

"Ushago maisha ni rahisi." Na ndugu yake: "Ushago hakuna hospitali."

Zote mbili ni za zamani. Mboga na maziwa ndio, ni rahisi. Lakini ukirudi na jina la mtu alikuwa Nairobi kila harambee inakuja na bahasha yako, karo ya mtoto wa nani, matanga ya nani, na gari lako ndilo ambulensi ya kijiji. Na SHA, ile bima ya afya ya serikali, uliyokuwa unakatwa kwa mshahara sasa unalipa mwenyewe, kwa mtu asiye na mshahara inapigwa hesabu ya mapato ya nyumba na inalipwa ya mwaka mzima mara moja, kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, 3,600 kwa mwaka.

Hospitali nayo imebadilika. Kliniki ya presha na sukari utapata Machakos, Nyeri, Kakamega, Kisii bila shida kubwa, hata kusafishwa figo kuko kwa hospitali nyingi za kaunti sasa. Penye bado pana shida ni mambo kama mionzi ya saratani, hiyo iko miji michache kama Nairobi, Eldoret, Nakuru na Mombasa. Kwa hivyo swali si ushago ama mjini, swali ni kutoka kwako mpaka hospitali kubwa ni saa ngapi, usiku, mvua ikinyesha. Wa Kiambu na wa Migori hawawezi jibu sawa.

Wengine hutatua hii kwa kuweka bedsitter Nairobi "ya kuja kliniki". Bedsitter ya 10,000 ni 120,000 kwa mwaka. Ukija kliniki na harusi zote unalala kama siku 20. Hata ulipe gesti 3,500 kila usiku ni 70,000, na huoshi sahani.

"Nyumba ni mbili, watoto ni wawili, hakutakuwa na vita."

Bila wosia sheria haigawi hivyo. Mmoja wenu akifa, aliyebaki anapata vyombo vya nyumba na haki ya kutumia mali maisha yake yote, na baada yake watoto wanagawana sawa, msichana na kijana, aliyeolewa na asiyeolewa. Sawa maana yake ni kila mtoto yuko na sehemu kwa nyumba zote mbili, na ile ya Nairobi ina wapangaji na ile ya ushago ina popo, sasa nani anataka gani? Kitu kidogo kinasaidia: hatimiliki ya Nairobi ikiandikwa majina ya wote wawili kwa umiliki wa pamoja ule ambao mmoja akifa mwingine anabaki na yote, hiyo nyumba haiingii hata kwa mirathi wakati huo. Muulize wakili yenu imeandikwa vipi, kwa sababu majina mawili pia yanaweza kuandikwa kwa mafungu, na hapo hadithi ni ingine kabisa.

"Bila nyumba nyumbani utazikwa wapi?"

Kesi ya wakili S.M. Otieno ndio ilitia watu woga. Alikufa Desemba 1986, mkewe Wambui alitaka azikwe Upper Matasia karibu na Nairobi, ukoo wa Umira Kager ukasema Nyalgunga, Siaya, wakapelekana kortini miezi mitano na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga. Lakini ukiangalia vizuri korti ilifuata mila ya ukoo, haikushindanisha vigae. Kama mila ya kwenu inataka uwe na boma lako, kajumba ka mabati ka vyumba viwili kanatosha mila na kanatosha Krismasi, na paa yake unaweza kubadilisha kwa pensheni ya kawaida. Vyumba vitano ni vya macho ya watu.

Kuna pia wanaosema pesa ya pensheni haiguswi kabla ya kustaafu. Tangu 2020 unaweza kutumia mpaka asilimia 40 ya akiba yako kwa skimu kununua nyumba ya kuishi, isizidi milioni 7. Inasaidia aliye na sifuri. Kwa nyumba ya pili, mimi nisingeguza, unakata pensheni ili uanze kulipa binamu.

Ya mwisho ni ile kwamba unaamua Desemba, mkiwa wote nyumbani. Desemba hudanganya, barabara imekauka, ndugu wamejaa, mbuzi iko, watoto wanacheza uwanjani. Kama bado uko kazini, omba likizo mwezi wa nne. Mwende wawili bila watoto, mkae wiki tatu na matope yake, na umeme ukipotea usipigie mtu Nairobi.