Pikapu Yako Imebeba Nini Kabla Hujapakia Mzigo?

Magari mengi ya utalii yanayoondoka Arusha asubuhi kuelekea Kisongo na Mto wa Mbu yalianza kama pikapu za Land Cruiser. Gereji za hapa hapa mjini ndizo zilizoyakata, zikarefusha chasisi, zikaweka viti na paa la kufunguka. Ni ufundi wa kujivunia. Lakini umezaa tamaa fulani mtaani: mwenye Hilux ya kwenda kazini kutoka Njiro, kupeleka watoto shule na kufika shamba Jumamosi, naye anataka bampa la chuma, winchi ya kujivuta ukikwama, keria, springi zilizoinuliwa na tairi nene. Sisi tunaofundisha ufundi wa magari tunayaona magari hayo baadaye, na malalamiko hufanana. Linachelewa kusimama, linayumba kwenye kona, tairi zinaliwa upande mmoja, mafuta hayakai.

Chanzo kikubwa ni uzito, na wengi hawajawahi kuupigia hesabu. Kitabu cha gari kinaonyesha kikomo cha uzito wote linaoruhusiwa kuwa nao likiwa barabarani; ukitoa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho linachoweza kubeba. Pikapu nyingi za milango minne za daraja la Hilux, Ranger na D-Max hubeba karibu tani moja, nyingine chini kidogo. Tani hiyo si ya nyuma kwenye bodi peke yake. Abiria wamo, na kila chuma ulichoongeza kimo.

Chukua pikapu yenye uwezo wa kilo 950. Bampa la chuma kilo 60, winchi 35, keria 45, hema la juu 60, betri ya pili 20, droo za nyuma 70. Hapo una kilo 290 na hakuna mtu aliyepanda. Ingiza watu wazima watano wa kilo 75 kila mmoja, ni 375 nyingine. Zimebaki kilo 285. Pitia dukani upakie saruji: mifuko mitano inaingia, wa sita unavusha kikomo. Mwenye gari anaona bodi karibu tupu, anaongeza mingine minne. Breki ni zile zile zilizotoka kiwandani, na mteremko wa Marangu au Kibosho uko pale pale.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kununua kifaa chochote ni hili: kwa wiki ya kawaida, gari hili linabeba nini na linapita wapi? Kama unakwama mara moja kwa mwaka, koleo, kamba imara ya kuvutia na mwenzako mwenye gari vinatosha. Winchi inayokaa mbele mwaka mzima inabebwa na springi za mbele kila siku, hata ukiwa kwenye foleni ya Kijenge.

Kuinua gari kunahitaji maelezo marefu kidogo, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Hilux za kuanzia 2005 zina springi za koili mbele zenye magurudumu yanayojitegemea, na springi za majani nyuma kwenye eksili nzima, yaani mhimili mmoja unaounganisha magurudumu mawili. Ukiinua mbele kwa kuweka spesa, yaani kipande cha kuongeza urefu, juu ya shokapu, mikono ya chini inayoshika magurudumu inainama, pembe za magurudumu zinabadilika, na viungo vya shafti za mbele vinafanya kazi vikiwa vimepinda kuliko vilivyopangiwa. Bila kupima na kurekebisha alaimenti, tairi mpya itaisha upande mmoja mapema mno. Nyuma, wengi huongeza jani la springi. Jani hilo lina maana kama unabeba mzigo muda wote. Kama bodi huwa tupu siku nyingi, nyuma inakuwa ngumu na nyepesi, tairi zinaruka kwenye vituta vya rafu rodi, na kwenye lami yenye maji gari linaweza kuteleza mkia. Springi ichaguliwe kwa uzito unaobeba kila siku, si kwa mzigo wa Krismasi.

Kuinua gari kwa springi au spesa hakuinui hata kidogo difu ya nyuma, lile boksi la gia lililo katikati ya magurudumu ya nyuma. Inakaa kwenye eksili, na eksili inashikiliwa na tairi. Kinachoiinua ni tairi kubwa peke yake, na hapo pia faida ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Tairi ya 265/65R17 ina kimo cha milimita 776 hivi. Ukiweka 285/70R17, kimo kinafika 831. Tofauti ni milimita 55, na difu inapanda nusu yake, kama sentimita 2.7. Gharama yake ni kwamba kila mzunguko wa gurudumu sasa ni mrefu kwa asilimia 7. Kama spidomita ilikuwa sahihi, ikisoma 80 unakwenda karibu 86, na askari wa tochi hapimi mshale wako. Gia zinakuwa nzito, breki inahitaji nguvu zaidi, na tairi inaweza kugusa madigadi ukikata kona huku umebeba mzigo.

Rekebisho ninalolipigania kuliko yote halina gharama kubwa: upepo wa tairi. Bandiko lililo kwenye nguzo ya mlango wa dereva linaonyesha kiwango cha lami. Ukiingia barabara ya vumbi yenye vituta vilivyopangana, kama ile ya Mto wa Mbu kwenda Engare Sero, punguza kutoka mathalani PSI 36 hadi 26, na upunguze mwendo pia. Tairi inalainika, inafyonza mitikisiko, na shokapu hazichemki. Shokapu hugeuza mtikiso kuwa joto. Mafuta yake yakipata moto sana yanatoa povu, na gari linaanza kuelea. Nunua kipimo cha upepo na pampu ndogo ya umeme wa gari, kisha jaza upya kabla ya kurudi lami. Tairi yenye upepo mdogo ikikimbizwa kwenye lami inapata joto na kupasuka.

Kuhusu vumbi, snokeli, yaani bomba linalovutia injini hewa kutoka juu usawa wa paa, inasaidia tu kama maungio yake yote hayapitishi hewa. Kiungo kimoja kilicholegea kinaingiza vumbi au maji moja kwa moja. Filta ya hewa ya karatasi ukiipuliza, puliza kutoka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo, na ikiwa na tundu itupe.

Wenye Land Cruiser za injini ya 1HZ wanashawishiwa kuongeza tabo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini ili ipate nguvu. Injini hiyo ya lita 4.2 haikuundwa na tabo. Joto la ziada linaweza kupasua silinda hedi. Kama unataka nguvu, anza na nozeli, filta na klachi zilizo sawa.

Mlishe fundi wako taarifa pia kabla ya kuchomelea chochote. Betri itolewe waya kwanza, kwani umeme wa kuchomelea unaweza kuua kompyuta ya gari. Bampa lifungwe kwa bolti kwenye matundu ya kiwandani, na kwenye magari yenye eabegi litumike lile lililotengenezwa kwa ajili ya modeli hiyo. Taa za kichwa zipimwe upya, maana gari lililoinuliwa linammulika machoni anayekuja mbele.

Ukibadilisha injini, rangi au aina ya bodi, taarifa za kadi ya gari TRA zibadilishwe zilingane. Kampuni ya bima nayo iambiwe kwa maandishi. Marekebisho yaliyofichwa yanaweza kuipa sababu ya kukataa dai. Kisha baada ya kilomita mia tano za kwanza, rudisha gari gereji, yubolti zinazofunga springi na nati za magurudumu zikazwe upya kwa spana ya kipimo, na bomba za breki zikaguliwe usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho kila upande, kuona kama hazivutiki.