Umeme kwenye misuli ya tumbo kwa mgonjwa wa ventileta: pedi, kiwango na muda

Mgonjwa akiwekwa kwenye ventileta (mashine ya kumsaidia kupumua) na kulazwa kwa dawa za usingizi, misuli yake ya kupumua huanza kunywea mapema sana. Mwaka 2008 Levine na wenzake nchini Marekani walichunguza kiwambo, msuli mkuu wa kuvuta pumzi ulio kati ya kifua na tumbo, cha watu waliokufa ubongo, waliokuwa wamekaa kwenye mashine kati ya saa 18 na 69 bila kiwambo kufanya kazi yoyote. Nyuzi za msuli huo zilikuwa zimepungua ukubwa kwa zaidi ya nusu, zikilinganishwa na za watu waliokaa kwenye mashine saa mbili tatu wakati wa upasuaji. Siku tatu hazijaisha, na nusu ya msuli imekwenda.

Tangu hapo kiwambo ndicho kimezungumzwa zaidi. Mimi nataka kuzungumzia misuli inayosahaulika, ile ya ukuta wa tumbo, inayotoa pumzi kwa nguvu. Mtu akiwa ametulia, pumzi hutoka yenyewe mapafu yanaporudi kwenye ukubwa wake, kwa hiyo ni rahisi kudhani misuli hii haina kazi ICU, chumba cha wagonjwa mahututi. Kazi yake huonekana siku ya kutoa tyubu ya kupumulia iliyo kooni. Mgonjwa anaweza kuvuta hewa vizuri kabisa, vipimo vyote vikapita, halafu akashindwa kukohoa. Makohozi yanajaa, oksijeni inashuka, na usiku huohuo tyubu inarudishwa. Faida nyingine ni kwamba misuli hii iko chini ya ngozi tu. Unaifikia kwa pedi za kubandika zinazopitisha umeme wa kuikaza, bila kisu wala katheta.

Swali la kwanza la wafiziotherapia wengi ni kama wanaweza kutumia mashine ya TENS iliyopo idarani. Jibu langu ni hapana. TENS imetengenezwa kutuliza maumivu: hezi 80 hadi 100, mapigo mafupi, na lengo lake ni neva za hisia. Unachohitaji ni mashine ya kusisimua misuli inayotoa mapigo ya pande mbili, hezi 30, upana wa karibu mikrosekunde 350, na mkondo unaoweza kufika miliampea 100. Upana huo una maana yake. Kwa miliampea 60, pigo la mikrosekunde 250 hubeba chaji ya mikrokulombi 15, na la 350 hubeba 21. Kwa mgonjwa mwenye mafuta tumboni, tofauti hiyo yaweza kuwa ndiyo inayotenganisha ngozi kuwashwa tu na msuli kukaza. Hezi nazo usizichezee ovyo. Chini ya 20 msuli hudundadunda badala ya kukaza kwa mfululizo, na ukipanda sana juu ya 30 unachoka upesi. Msuli unaosisimuliwa kwa umeme huchoka haraka hata hivyo, kwa sababu nyuzi zilezile huitwa zote kwa pamoja kila mara, wakati ubongo huzipokezanisha zamu.

Sasa pedi. Mazoea ni kuziweka mbele, juu ya msuli mnyoofu unaopita kando ya kitovu, kwa kuwa ndio unaoonekana. Mimi naziweka ubavuni, kati ya ubavu wa mwisho na ukingo wa nyonga, kuanzia mstari wa katikati ya kwapa kuelekea nyuma kidogo. Hapo unapata misuli mitatu iliyolaliana, mshazari wa nje, mshazari wa ndani na ule wa kukingama, na ndiyo inayobana tumbo kama mkanda. Tumia pedi kubwa, sentimita 5 kwa 9, mbili kila upande. Pedi ndogo hukusanya mkondo mahali pamoja na kuunguza. Osha ngozi kwa maji na sabuni, kausha, punguza nywele kwa mkasi (wembe huacha michubuko inayouma umeme ukipita), wala usibandike juu ya losheni. Pedi iliyokauka gundi pembeni itupe. Sehemu iliyobaki imeshika ndiyo itabeba mkondo wote, na utaikuta na alama nyekundu.

Kiwango huongezwa kidogokidogo, miliampea 5 kwa 5, huku kiganja chako kikiwa ubavuni. Usikubali kudanganywa na mtetemo wa ngozi. Unachotafuta ni kukaza kunakosukuma kiganja: ubavu unakuwa mgumu, kiuno kinaingia ndani kidogo, na hali hiyo inakaa mpaka mkondo ukatike. Kama una ultrasaundi, weka proubu ya mstari mnyoofu (linear) hapo hapo. Tabaka tatu za misuli zitaonekana zikinenepa kwa pamoja. Mgonjwa aliye macho muulize. Aliyelala tazama uso, mapigo ya moyo na presha. Uso ukikunjamana, shuka hatua moja.

Kazi ngumu ni muda, na hapa ndipo matibabu haya hufaulu au huharibika. Mkondo uanze pumzi inapoanza kutoka, na ukatike kabla pumzi inayofuata haijaingia. Chukua mgonjwa anayepumua mara 20 kwa dakika: mzunguko mmoja ni sekunde 3, na uwiano ukiwa 1 kwa 2, kuvuta ni sekunde 1 na kutoa ni sekunde 2. Mkondo wa sekunde 1 hadi 1.2 unatosha na unaacha nafasi. Mgonjwa huyohuyo akipanda hadi pumzi 30, kutoa kunabaki sekunde 1.2 au 1.3, na mkondo wa jana sasa unaweza kuingia kwenye pumzi inayofuata. Ndiyo maana mashine inayosoma mtiririko wa hewa kwa kihisi na kufuata kila pumzi ni bora mno kuliko ile ya kuwasha kwa kipima muda. Kama kipima muda ndicho ulicho nacho, mgonjwa awe kwenye hali ya udhibiti kamili (ventileta ndiyo inayopanga kila pumzi), na wewe usiondoke kitandani.

Mkondo ukichelewa kukatika, grafu ya ventileta itakuambia. Kwenye hali ya ujazo maalumu, presha ya kilele inapanda na kengele inalia. Kwenye hali ya presha maalumu hakuna kengele ya presha: ujazo wa pumzi unashuka kimyakimya, na asiyetazama namba anaweza kumaliza kipindi kizima akimnyima mgonjwa hewa. Kosa la pili ni la kinyume chake, na wengi hawalitambui. Tumbo lililobanwa kwa nguvu likiachiwa ghafla, mbavu na kiwambo hurudi mahali pake na kuvuta hewa kidogo. Triga, yaani kiwango cha mvuto wa hewa kinachoiamsha ventileta itoe pumzi, ikiwa nyepesi, tuseme lita 2 kwa dakika, ventileta hudhani mgonjwa ameomba pumzi na inampa. Utaona idadi ya pumzi imepanda bila mgonjwa kujitahidi. Dawa yake ni mkondo ushuke taratibu mwishoni badala ya kukatika ghafla, au triga ikazwe kidogo wakati wa kipindi na irudishwe baadaye. Andika kwenye chati kwamba umeibadilisha.

Kuna jambo jingine la mapafu. Kubana tumbo hupunguza hewa inayobaki mapafuni mwisho wa pumzi. Kwa mwenye makohozi mengi hilo laweza kusaidia, lakini kwa mwenye ARDS (mapafu yaliyoshindwa kazi ghafla) anayetegemea PEEP ya juu, yaani presha inayobakizwa mapafuni mwisho wa pumzi, kuweka vifuko vya hewa wazi, unaweza kuvifunga kwa mkono wako mwenyewe. Wagonjwa hao nawasubiri. Mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa naye anahitaji tahadhari, kwani njia zake ndogo huweza kujifunga ukimsukuma atoe haraka.

Dozi iliyotumika katika majaribio ya mwanzo ni dakika 30, mara mbili kwa siku, siku tano kwa wiki. Siku ya kwanza naanza na pumzi moja kati ya mbili, na nikiona ukazaji umelegea kabla ya dakika 30 nasimamisha. Msuli uliochoka haujengeki kwa kuongezewa mkondo.

Wasioguswa kabisa ni wenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo au cha kushtua moyo, wajawazito, wenye tumbo lililofunguliwa au lenye presha ya ndani iliyopanda, na wenye mshono mpya au ngozi iliyochubuka pale pa kubandika. Aliyeumia uti wa mgongo kati ya T6 na L1 (katikati ya mgongo hadi mwanzo wa kiuno) huenda asijibu kabisa, kwa kuwa neva zinazokwenda tumboni ndizo zilizokufa. Umeme huu husisimua neva, si msuli moja kwa moja.

Hapo ndipo dawa za kulegeza misuli zinapoingia. Propofol, midazolam na fentanyl hazizuii ukazaji, hivyo mgonjwa aliyelala fofofo anajibu vizuri. Rocuronium, vecuronium na cisatracurium zinazuia. Anayeongeza mkondo kwa mgonjwa aliyepewa dawa hizo haoni kitu mpaka afike miliampea 90, halafu dawa inaisha nguvu katikati ya kipindi na tumbo linabanwa kwa kishindo. Muulize muuguzi dawa ya mwisho ilipewa saa ngapi, na kama kipo kipimo cha mapigo manne, kinachoonyesha kama dawa ya kulegeza bado inafanya kazi, kitumie. Ikiwa hakuna dawa na bado msuli haujibu, angalia potasiamu na fosfeti, uvimbe wa maji unaotawanya mkondo chini ya ngozi, na udhaifu wa neva unaotokana na ugonjwa mahututi wenyewe.

Mwarifu muuguzi kabla ya kuwasha. Mkondo huingia kwenye ECG (mchoro wa umeme wa moyo), na monita yaweza kulia kana kwamba moyo umeharibika mdundo. Tazama wimbi la oksimita, kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni: likienda sawasawa, zima mkondo, ECG ijisafishe, ndipo uamue.

Kwa kiwambo chenyewe kuna njia nyingine. Neva yake hutoka shingoni, C3 hadi C5, na inaweza kusisimuliwa kupitia katheta yenye elektrodi inayoingizwa kwenye mshipa wa damu wa kushoto chini ya mtulinga. Jaribio la RESCUE-2, lililochapishwa 2022, lilihusisha wagonjwa 112 walioshindwa kuachishwa mashine. Nguvu ya kuvuta pumzi ilipanda kwa 16.6 cmH₂O (presha inayopimwa kwa sentimita za maji) kwa waliopata umeme na 4.8 kwa wasiopata. Walioachishwa walikuwa asilimia 82 dhidi ya 74, tofauti ambayo haikutosha kitakwimu. Kwa upande wa tumbo tuna majaribio madogo, la Australia na la Uholanzi, kila moja likiwa na wagonjwa 20, yaliyoonyesha kwamba jambo hili linawezekana ICU. Kwa ushahidi huo, sikubali kipindi cha umeme kiwe sababu ya kuahirisha kupunguza dawa za usingizi au kumkalisha mgonjwa. Mgonjwa anayeweza kupumua mwenyewe apumue.

Maendeleo nayapima kwa kikohozi. Mgonjwa awe macho, avute pumzi kubwa, akohoe kwa nguvu akiwa bado kwenye tyubu, nawe usome kilele cha mtiririko wa kutoa kwenye skrini ya ventileta. Chukua kipimo bora kati ya vitatu. Kikiwa chini ya lita 60 kwa dakika, hatari ya tyubu kurudishwa ni kubwa. Panga kuitoa asubuhi mapema, mashine ya kunyonya makohozi ikiwa imewashwa kando ya kitanda na mfiziotherapia akiwa zamu.