Safu ya 10 na safu ya 11: kuisoma familia ya Abilene, Kansas, ya mwaka 1910

Mtu akitaka kuielewa familia ya mji mdogo wa Midwest, yale majimbo ya katikati ya Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, simwonyeshi picha kwanza. Picha za wakati ule zinapendeza mno: baba kakaa kitini, mama kasimama nyuma yake, watoto wamepangwa kwa vimo na kola zimewakaba shingo. Mimi humfungulia karatasi ya sensa ya 1910, iliyojazwa kwa mkono na karani aliyepita nyumba hadi nyumba, na kidole changu huenda moja kwa moja kwenye safu ya 10 na safu ya 11.

Safu ya 10: mwanamke huyu amezaa watoto wangapi. Safu ya 11: wangapi wako hai.

Hiyo ndiyo kazi yangu, historia ya kaya, na kwa miaka yote niliyoifanya sijazizoea namba hizo. Unashuka mstari kwa mstari. Unakutana na 4 na 4, unapumua. Mstari wa chini yake unakuta 9 na 5. Karani ana mwandiko mzuri, wino haukumwagika, na pembeni hakuna neno lolote. Alisimama mlangoni, akauliza, akajibiwa, akaandika, akaenda kwa jirani.

Ukiwahi kuhojiwa kwenye sensa ya Tanzania au Kenya, swali hili unalifahamu, kwa kuwa nasi tunaliuliza. Kuna kisa nyuma yake ambacho napenda kila msomaji wa Kiswahili akijue. Mwaka 1948 Mskoti mmoja, William Brass, alikuja Nairobi kufanya kazi katika Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki, akakaa hadi 1955. Nchi zetu hazikuwa na rejista kamili za vizazi na vifo. Utajuaje basi ni watoto wangapi wanakufa? Jibu alilokuja kulikamilisha ni kwamba mama mwenyewe ndiye rejista. Wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 24 kwa kawaida wana watoto wadogo sana, kwa hiyo sehemu ya watoto wao waliofariki inakusogeza karibu na uwezekano wa mtoto kufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Wanawake wa miaka 30 hadi 34 wanakupa picha ya vifo vya kabla ya miaka mitano. Ukirekebisha kidogo kulingana na umri ambao wanawake huanza kuzaa, unapata kipimo unachoweza kukitegemea.

Sasa irudishe njia hiyo Marekani. Nayo mwaka 1900 haikuwa na rejista ya vifo ya nchi nzima. Majimbo machache, mengi yakiwa ya kaskazini mashariki, ndiyo yaliyokuwa yameandikishwa, na Kansas haikuwamo. Eneo la kuandikisha vizazi, yaani kundi la majimbo yenye rejista ya vizazi, lilianzishwa mwaka 1915. Lakini sensa za 1900 na 1910 ziliwauliza wanawake lile swali la watoto, na miongo mingi baadaye watafiti wa idadi ya watu Samuel Preston na Michael Haines wakazichukua karatasi za 1900 na kuzipima kwa njia iliyozaliwa kwenye shida ya takwimu za Afrika. Wakapata kwamba karibu watoto 18 katika kila 100 walikuwa wakifa kabla ya umri wa miaka mitano. Lililonishtua zaidi ni hili: watoto wa madaktari nao walikufa karibu sawa na watoto wa watu wengine. Elimu ya baba haikuwa kinga kubwa, kwa sababu elimu yenyewe ya kumkinga mtoto ilikuwa bado changa.

Abilene ni mji wa Kansas uliokuwa na wakazi wapatao 3,500 mwaka 1900 na 4,100 mwaka 1910. Zamani kidogo, kati ya 1867 na 1871, ulikuwa mwisho wa safari ya makundi ya ng'ombe kutoka Texas, wenye baa na bastola. Kufikia wakati ninaouzungumzia ulikuwa mji mtulivu wa makanisa, maduka na kiwanda cha siagi, katika jimbo lililopiga marufuku pombe tangu 1881. Reli iliukata mji vipande viwili. Wenye mali waliishi kaskazini ya reli. Kusini waliishi watu kama David na Ida Eisenhower.

Nawachagua hawa kwa sababu maisha yao yameandikwa sana, mtoto wao wa tatu, Dwight, alipokuja kuwa Rais. Mwaka 1910 hakuna aliyejua hilo. David alikuwa fundi wa mitambo katika kile kiwanda cha siagi, Belle Springs. Duka lake la awali, katika mji jirani wa Hope, lilikufa, akaenda kutafuta riziki Texas, na mwaka 1892 akarudi kwa jamaa na waumini wenzake waliomsaidia kupata kazi. Yeye na Ida walizaa wavulana saba: Arthur, Edgar, Dwight, Roy, Paul, Earl na Milton. Paul alizaliwa Mei 1894. Machi 1895, akiwa na miezi kumi, dondakoo lilimchukua. Dawa ya kuipinga sumu ya ugonjwa huo ndiyo kwanza ilikuwa inatoka kwenye maabara za Ulaya.

Kwa hiyo hesabu ya Ida ni 7 na 6. Kwa majirani zake hiyo ilikuwa hesabu ya mama mwenye bahati.

Watoto walikuwa wakifa kwa nini katika mji wenye hewa safi, maziwa na mboga tele? Tazama uani. Kuna choo cha shimo, kuna kisima cha pampu hatua chache kutoka hapo, kuna zizi la farasi na ng'ombe, na katikati ya hivyo vyote kuna nzi. Maziwa yalikaa wazi jikoni kwenye joto la Julai. Kuhara wakati wa kiangazi kuliwaua watoto wachanga kuliko magonjwa mengi yenye majina ya kutisha. Kansas ilipata mtu wa kulipigia kelele jambo hili, Dakta Samuel Crumbine, katibu wa bodi ya afya ya jimbo kuanzia 1904. Aliwafundisha watu kuua nzi, akakataza kutema mate njiani, na mwaka 1909 akapiga marufuku kikombe kimoja cha kuchangia maji kwenye treni na shuleni. Ninamheshimu sana mtu huyu. Aliona kwamba uhai wa mtoto unaamuliwa kwenye ndoo, kikombe na chandarua cha dirishani, yaani kwenye vitu vilivyo mikononi mwa mama.

Na hapo ndipo safu nyingine inaponiudhi kila mara. Safu ya 18 inauliza kazi ya mtu. Maelekezo ya 1910 kwa makarani yalikuwa wazi: mwanamke anayefanya kazi za nyumbani kwake bila malipo, asiye na ajira nyingine, aandikwe kwamba hana kazi. Mistari mamilioni ikajazwa hivyo. Hana.

Chukua Jumatatu tu. Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, karibu kila nyumba, na mpangilio huo ulikuwa na nguvu kama sheria: Jumatatu kufua, Jumanne kupiga pasi, kisha kushona viraka, kusukasuka siagi, kusafisha nyumba, na Jumamosi kuoka mikate. Kabla ya mapambazuko jiko linawashwa kwa kuni, makaa ya mawe au magunzi ya mahindi. Maji yanapigwa pampu, yanabebwa ndoo kwa ndoo, yanamiminwa kwenye pipa la shaba lililolala juu ya jiko zima. Nguo nyeupe zinachemshwa na vipande vya sabuni, zinageuzwa kwa fimbo, zinatolewa zikitoa mvuke, zinasuguliwa kwenye ubao wenye mikunjo ya bati. Zinasuuzwa mara ya kwanza, zinasuuzwa tena kwenye maji yenye buluu, zinatiwa wanga zile zinazohitaji kukakamaa, zinapitishwa kwenye mashine ya mkono ya kukamulia, zinaanikwa. Kisha maji machafu yote yanabebwa nje. Hapo nguo za kazi za baba, zenye grisi ya mitambo, bado hazijaguswa. Januari kamba ya kuanikia ilikuwa na barafu na suruali ziligandia kamba, ngumu kama mbao.

Jumanne pasi. Wengi wetu tumekulia kwenye pasi ya mkaa, ambayo walau hubeba moto wake tumboni. Zile zao zilikuwa vipande vizito vya chuma vinavyopashwa juu ya jiko. Unatumia kimoja mpaka kipoe, unachukua kingine, na jiko haliwezi kuzimwa hata kama nje jua linachoma.

Halafu mwisho wa kiangazi. Nyanya, pichi na maharage vilichemshwa na kufungiwa kwenye chupa za kioo zenye vifuniko vya kukaza, mamia kwa mamia, na kupangwa kwenye ghala la chini ya ardhi pamoja na viazi na tufaha. Chupa isipokaza vizuri, chakula kinaharibika na familia inaweza kupoteza mtu mezani. Hiyo ni kazi ya utaalamu, na siku nzima nzima mama alisimama kwenye mvuke akiifanya. Hana kazi.

Ida hakuwa na binti wa kumsaidia, na hapo nyumba yake ikatofautiana na za wengine. Aliwagawia wavulana kazi zote kwa zamu za kubadilishana: kupika, kuosha vyombo, kufua, kukamua ng'ombe, kulisha kuku, kupalilia. Milton alipougua homa ya vipele vyekundu, Ida alijifungia naye chumbani asiwaambukize wengine, na Dwight akapika akifuata maelekezo ya mama aliye ng'ambo ya mlango. Aliipenda kazi hiyo, na uzeeni alijulikana kwa supu yake ya mboga. Mboga za bustani zilizozidi wavulana walizibeba hadi kaskazini ya reli na kubisha hodi milango ya nyuma ya nyumba za wenye uwezo. Edgar aliikumbuka biashara ile kwa uchungu hata alipokuwa mtu mzima. Wanunuzi walizikagua mboga na kutafuta kasoro, na wale watoto wakajiona kama ombaomba.

Kuna dhana kwamba Mmarekani wa zamani aliishi baba, mama na watoto tu, mlango umefungwa. Karatasi zinaikataa. Familia ya Eisenhower ilihamia nyumba yake mwaka 1898, na Jacob, baba yake David, mhubiri mstaafu aliyezungumza Kijerumani cha Pennsylvania, aliishi nao mpaka alipofariki mwaka 1906. Kwenye miji ya aina hii utakuta mjane anayelaza na kulisha mwalimu wa shule na karani wa reli, shangazi asiyeolewa, msichana wa kazi kutoka shamba la jirani. Wastani wa watu 4.5 kwa kaya mwaka 1910 unaficha hao wote.

Na fedha ilichangwa. Edgar na Dwight walimaliza sekondari pamoja mwaka 1909, na nyumbani hapakuwa na ada ya chuo hata ya mmoja. Wakakubaliana Edgar atangulie Chuo Kikuu cha Michigan, Dwight afanye kazi amtumie fedha, kisha wabadilishane. Dwight akaingia kiwandani kwa baba yake, zamu ya usiku, saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, usiku saba kwa wiki. Karani wa sensa alipopita Aprili 1910 angemkuta kijana wa miaka 19 mwenye usingizi. Zamu ya kwenda chuo haikumfikia, maana mwaka 1911 alipata nafasi West Point, chuo cha maofisa wa jeshi, ambako masomo hayakuwa na ada. Ida, aliyechukia vita kwa imani yake, alimuaga bila kumzuia. Milton alisimulia baadaye kwamba siku hiyo ndiyo mara ya kwanza alisikia mama yake akilia.

Sensa iliyofuata ilifanyika Januari 1920. Katikati ilikuwa imepita homa ya mafua ya 1918, ambayo baadhi ya wagonjwa wake wa mwanzo walikuwa Kansas, kwenye kambi ya jeshi ya Fort Riley, mwendo mfupi tu mashariki ya Abilene. Nyumba baada ya nyumba zilikuwa na msiba mpya. Nilipozifungua karatasi za 1920 mara ya kwanza nilizitafuta zile safu mbili kwa mazoea, kidole kikaenda pale pale. Ziliondolewa. Hakuna mama aliyeulizwa. Ida alikuwa na miaka 57, na katika safu zote za dodoso lile hapakuwa na hata moja ambayo Paul angeweza kuandikwa.